Mzigo wa Picha Thelathini

Mimi ni mtu asiyeweza kusikia bawaba ikilia bila kwenda kutafuta mafuta. Mama yangu husema nilizaliwa na bisibisi mkononi, na hasemi hivyo kwa kunisifu. Kwa kazi yangu tabia hiyo inanifaa: nina kibanda cha kompyuta hapa Uvira, natoa fotokopi, nafufua mashine zilizokufa, naunganisha video za harusi. Lakini nyumbani kwetu palikuwa na kitu kimoja kilichokuwa kinafanya kazi nusu, na laiti ningekiacha na nusu yake. Najuta. Kila nikipita sebuleni mbele ya ile televisheni iliyofunikwa kitambaa, nageuza uso.

Baba alikuwa dereva wa lori. Barabara yake ilikuwa moja, ile inayopanda bonde la Ruzizi kwenda Bukavu, na aliifahamu kwa makalio, kama alivyopenda kusema mama alipokuwa hayupo. Alipanda na mpunga wa Luberizi, akashuka na sabuni, chumvi na mabati. Kisha sukari ikamshika mwilini, ikamaliza mguu wake wa kulia, na hospitali wakaukata chini ya goti. Baada ya hapo, ukiondoa sala ya Ijumaa, hakutaka kuonwa na mtu. Madereva wenzake walikuja kumjulia hali, mama akawaambia amelala, naye alikuwa amekaa kitandani macho wazi, tasbihi mkononi, anawasikia wakiaga. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya, maana hasira ni kitu changu mwenyewe. Yeye alinyamaza tu. Tulipokuwa mezani aliomba chumvi, akasema alhamdulillah, akarudi chumbani.

Mwaka huo maji ya ziwa yalipanda mpaka mlangoni mwa kibanda changu, nikahamishia mashine zote nyumbani. Kubwa kuliko zote nilikuwa nimeinunua Bujumbura, kwenye ukumbi wa michezo ya video uliokuwa unafungwa. Niliitaka kwa sababu ya kadi yake ya grafiki, kile kipande cha ndani kinachochora picha kwenye skrini. Bila kadi nzuri, video ya harusi moja inaweza kukulaza njaa. Skrini yangu ilikuwa imeharibiwa na maji, kwa hiyo niliunganisha mashine na televisheni ya sebuleni. Michezo ya wenye ukumbi ilikuwa bado imo ndani. Mmojawapo ulikuwa wa kuendesha malori kwenye barabara za Ulaya.

Alasiri moja niliufungua mchezo huo ili kupima kama kadi imesalimika na maji. Baba alitoka chumbani na magongo yake akielekea kwenye maji ya udhu, akasimama nyuma yangu. Nilikuwa nakata kona. Alisema polepole kwamba naendesha kama mtu aliyeiba gari. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima. Nikamwachia kiti. Nikampa maneti, kile kidude cha kuchezea kinachoshikwa kwa mikono miwili, nikamwonyesha kwamba mafuta yako kwenye kidole cha kulia, freni kwenye cha kushoto, na miguu haihitajiki. Akakitazama kwa muda. Akasema bismillahi, akaondoa gari.

Alisogea kidogo tu, akakamata freni, akatulia kama anayesikiliza.

Hapo lazima nieleze, kwa kuwa kila kitu kinategemea hapo. Kwenye barabara ile mwenye mzigo husema magunia ni mengi hivi, karatasi nayo husema hivi, na mara nyingi vyote viwili ni uongo. Baba hakubishana na mtu. Gari likishapakiwa, alilisogeza mwendo mfupi, akakanyaga freni, akasikiliza tumbo la gari linavyochelewa kufuata kichwa. Hilo aliliita kuuliza gari. Kwa kuchelewa kule alijua kama amepewa mzigo wake, au ameongezewa, na kama mpunga ni mkavu au umeloweshwa. Ndivyo alivyompata rafiki yake mkubwa, mkulima wa mpunga wa Luberizi, Mkatoliki mwenye kicheko cha kukohoa. Siku walipokutana, mkulima huyo alikuwa amelaza magunia ya shemeji yake chini kabisa bila kumwambia mtu. Baba aliuliza gari, akashuka, akamwambia bila kupandisha sauti kwamba kuna watu wanasafiri bila kujulikana. Walishusha, wakayakuta. Mkulima alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo hakupakia mpunga wake kwa mtu mwingine.

Sasa baba alikuwa sebuleni kwetu, anauliza gari lisilokuwapo. Mchezo wenyewe uliandika uzito wa mzigo juu ya skrini, hakuusoma. Alikamata freni, na lile lori kubwa la rangi ya bluu likachelewa kidogo, kama linafikiri, halafu likainama na kusimama. Niliuona uso wake ukifunguka.

"Iko na muzigo," alisema. "Balipakia muzuri."

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilibadilika. Baada ya sala ya alasiri, kama umeme upo, baba alisafiri. Barabara za Wazungu akazipa majina ya kwetu: kona hii ni Kiringye, ule mnyoosho wa mashamba ni Luberizi, kile kituo cha mafuta ni Nyakabere, ingawa Nyakabere haijawahi kuwa na kituo kama kile. Alipiga honi penye majani marefu kwa sababu ng'ombe hutokea ghafla. Nilimwambia kwenye mchezo huu hakuna ng'ombe. Alinijibu kwamba ndivyo wanavyosema wote kabla ya kugonga ng'ombe wa mtu.

Rafiki yake wa Luberizi alipata habari, akaanza kupita kwetu kila siku ya soko. Huyu, baba hakumfukuza. Mkulima alikaa kwenye kigoda mkono wa kulia wa baba, mahali pa abiria, akashika kofia yake magotini kama yuko ndani ya kabini kweli, na wote wawili waligombana kuhusu mashimo. Mama alileta chai na ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Aliuliza kwa sauti ya mteja kama dereva ameshafika Kamanyola, amletee ndizi. Baba alimjibu kwamba abiria wa nyuma hawaongei na dereva. Mwanamume aliyekuwa anaomba chumvi tu sasa alikuwa anamtania mke wake, na mama alikuwa anaingia jikoni akiwa anacheka peke yake.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mimi niliona picha inakwamakwama.

Mtu asiyeijua kazi hii huenda asione. Picha inayotembea kwenye skrini ni picha nyingi zilizosimama, zinazopishana haraka, kama ukishika daftari lenye michoro ukaachia kurasa zake kwa kidole gumba. Kurasa zikiwa nyingi kwa sekunde moja, mwendo unakuwa laini. Zikiwa chache, jicho linaanza kugundua. Niliwasha kihesabu, ile namba ndogo inayokaa kwenye kona ya skrini na kukuambia kadi inachora picha ngapi kwa sekunde. Ilisema thelathini. Kadi ile ilikuwa na uwezo wa kuchora mara mbili yake bila kutoka jasho. Nilichukia kama mtu aliyeuziwa ng'ombe wa maziwa akakuta chuchu mbili zimezibwa.

Nilimwambia baba mashine inaumwa, nitaitengeneza. Hakugeuka.

"Uiache, mama. Iko natembea muzuri."

Baba huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. Nilisikia maneno yale kama nilivyozoea kuyasikia kwa wateja wazee, wanaoogopa kwamba ukifungua kitu hakitafungika tena. Sikuuliza kwa nini iachwe. Nilikuwa nishaanza kutafuta bisibisi.

Nilifanya kazi asubuhi, wakati amelala. Kwanza nilishuku umeme, maana kwetu umeme ndiye mshukiwa wa kwanza wa kila kitu. Kadi isiyoshiba hupunguza mwendo. Nikaijaribu kwa umeme wa mjini, nikaijaribu kwa betri za sola, thelathini. Nikashuku joto. Nikaifungua, nikatoa vumbi kwa brashi, nikakwangua ile pasta iliyokauka inayopitisha joto, nikapaka mpya. Ikawa baridi kama mtungi, na bado thelathini. Nikapakua programu mpya ya kuiongoza kadi, nikala bando la intaneti la kibanda kizima. Thelathini. Ndani ya mchezo kuna mahali pa kuifunga kadi iende sambamba na skrini, nikapazima. Nikagundua televisheni yenyewe ilikuwa inapokea picha thelathini tu kwa sababu ya waya mbovu, nikafurahi, nikabadilisha waya, televisheni ikakubali sitini. Kihesabu kikabaki palepale.

Ndipo nilipokaa chini na kufikiri, jambo ambalo ningelifanya mwanzoni kama ningekuwa na subira. Mashine mgonjwa hupanda na kushuka: mara thelathini na nane, mara ishirini na mbili, kama homa. Hii ilikuwa haipandi wala haishuki. Ilikuwa thelathini kwenye kona na thelathini kwenye mnyoosho. Hiyo haikuwa mashine mgonjwa, ilikuwa mashine iliyoamriwa. Nikaenda kwenye ukurasa wa amri za kadi yenyewe, ulioandikwa kwa Kifaransa, nikapitia mstari kwa mstari, na chini kabisa, kwenye jina la mchezo ule wa malori, nikakuta kikomo kimewekwa kwa mkono wa mtu. Nadhani ni wenye ukumbi wa Bujumbura. Walikuwa na mashine nyingi na jenereta moja. Kadi ikichora picha chache inakula umeme kidogo, na mafuta ya jenereta yanafika jioni. Niliondoa kikomo kwa kubonyeza mara moja. Kihesabu kikaruka mpaka sitini na kutulia. Nilicheka kwa sauti pale sebuleni, peke yangu, na nilijiona fundi.

Sikumwambia baba. Nilitaka aone mwenyewe. Ilikuwa siku ya soko, rafiki yake alikuwa amefika na vumbi la bonde kwenye suruali, mama alikuwa ameleta sinia. Nilisimama mlangoni, mikono kifuani, nangoja sifa zangu.

Baba alisema bismillahi. Alisogeza gari, akakamata freni. Gari likasimama palepale.

Akajaribu tena. Mafuta, freni. Likasimama palepale, bila kuinama kwa kuchelewa, bila kufikiri.

"Nani alishusha muzigo?" aliuliza.

Rafiki yake alicheka kicheko chake cha kukohoa, akasema huenda ni shemeji yake amefuata magunia yake. Baba hakucheka. Alisogea tena mpaka kwenye ile kona aliyoiita Kiringye, akafunga freni kwa nguvu kama anayetaka kuliumiza, na gari likamtii mara moja kama baiskeli.

Mimi nikaingia na maelezo. Nilimweleza picha thelathini na picha sitini, nikamweleza kikomo, jenereta, ukumbi. Nilimwambia kwamba zamani, picha zikiwa chache, kati ya kidole chake na gari palikuwa na ucheleweshaji, na sasa umeondoka. Nilimwonyesha hata namba ya mzigo juu ya skrini, kwamba tani ni zilezile. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kubwa, na heshima ile ndiyo iliyonitisha. Aliiangalia namba ya tani kama alivyokuwa anaangalia karatasi za wenye mali.

"Asante, mama. Umetengeneza," alisema.

Akaweka maneti juu ya meza, taratibu, akachukua magongo yake na kusema mgongo unamuuma, anakwenda kujinyoosha. Rafiki yake alibaki kwenye kigoda na kofia yake magotini. Alikunywa chai yake yote, akauliza bei ya sabuni, akaondoka kabla ya jua kupungua.

Kesho yake baba hakutoka baada ya sala. Wala keshokutwa yake. Mama akatandika kitambaa juu ya televisheni, kile cha maua alichofumiwa na dada yake, kwa sababu ya vumbi, alisema. Rafiki wa Luberizi alikuja siku ya soko iliyofuata, akaambiwa dereva amelala. Nilimsikia akiaga, na nilijua kwamba upande wa pili wa ukuta baba anamsikia pia.

Niliudhika. Nasema ukweli, kabla sijasikitika niliudhika. Nilimwambia mama kwamba mtu mzima hawezi kununa kwa sababu mchezo umekuwa mzuri zaidi. Mama alikuwa anachambua mchele jikoni. Hakuinua kichwa.

"Weye haukukuwa ndani ya gari," alisema.

Kisha akanieleza safari ambayo sikuijua, ingawa nilikuwa naishi nyumba moja nao. Daktari alipomwambia baba kwamba mguu hauponi, lori lilikuwa Luberizi. Mwenye lori alituma neno lirudishwe Uvira lilivyo, lisipakiwe, lipewe dereva mwingine. Mama ndiye aliyekwenda naye, akakaa mahali pa abiria, kwa hofu kwamba mguu utamwishia njiani. Baba hakuwahi kuendesha gari tupu kwenye barabara ile. Hata akikosa mpunga alingoja, alilala chini ya gari, alipakia hata matofali ya mtu kwa bure. Siku hiyo gari lilirukaruka kwenye kila shimo, bodi inagonga nyuma yao njia nzima. Alipotoka tu Luberizi alifanya kama alivyozoea, akasogea, akakanyaga freni, na gari likasimama palepale. Akamwambia mama kwamba limeshamsahau. Hakuliuliza tena mpaka Uvira.

Nilibaki nimesimama na kikombe mkononi. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, na kuelewa huko hakukunisaidia. Kile kikomo cha wenye jenereta, kile kilichonikera, ndicho kilichokuwa kinapakia gari la baba kila alasiri. Kuchelewa kule kudogo kati ya kidole na freni ndiko kulikokuwa magunia. Mimi nilipanda juu ya gari, nikayatupa chini moja moja, kwa furaha, nikamrudisha kwenye ile safari.

Sasa kitu nilichokifanya baadaye ndicho ninachokijutia zaidi, maana wakati huu sikuwa na kisingizio cha kutojua. Nilirudisha thelathini. Niliingia kwenye ule ukurasa wa Kifaransa baba akiwa msikitini Ijumaa, nikaweka kikomo palepale kilipokuwa, nikarudisha hata ule waya mbovu. Nikaondoa kitambaa cha maua. Aliporudi nilimwambia, kwa sauti niliyoifanya kuwa nyepesi, kwamba Luberizi wamepakia upya, wanamngoja yeye tu.

Alinitazama. Nadhani alikubali kwa ajili yangu, kama mtu anavyokubali kula kwa mgonjwa aliyempikia. Alikaa, akashika maneti, akasema bismillahi. Gari likasogea. Akakamata freni, na lile lori la bluu likachelewa, likafikiri, likainama, sawasawa kabisa na siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nautazama uso wake, siyo skrini. Alirudia. Akasogea mpaka kwenye mnyoosho wa mashamba, akauliza tena, na nikaona anasikiliza, anasikiliza kwa bidii, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayeita jina ndani ya nyumba na anajua wamehama.

Halafu akasimamisha gari pembeni mwa barabara, vizuri, kama dereva. Akawasha taa za kando. Akaniwekea maneti mapajani.

"Hii si muzigo, mama," alisema. "Ni weye uko naikamata."

Hakusema kwa hasira. Alinipigapiga mkono, akaomba nimsogezee magongo, nami nikamsogezea. Lori lilibaki pale kwenye skrini, taa zake zinawakawaka kando ya mashamba, na namba kwenye kona inasema thelathini. Na ilikuwa kweli: magunia hayakuwapo, ni mkono wangu uliokuwa unalizuia.